Uzi: Malmö na Copenhagen – daraja walijenga miaka mitano, makaratasi hadi leo hayajaisha

Abiria wa Alfajiri (mleta mada):
Wakuu, habari za jioni.

Kuna mdau humu juzi alibandika picha ya daraja la Øresund, akaandika "miji ya Ulaya inavyoshirikiana, sisi tunapiga domo tu", watu wakampa heko, uzi ukafa. Mimi nikabaki natabasamu peke yangu kwenye treni, maana daraja hilo navuka siku tano kwa wiki. Nalala Malmö, Sweden. Riziki yangu iko Copenhagen, Denmark, jikoni. Dakika 35 hadi 40 kwa treni, nimeshabadilisha nchi. Jioni niko nyumbani nasonga ugali.

Ushirikiano upo, sikatai. Ila picha ya daraja haioneshi unapokaa. Nitatiririka kwa awamu, mtandao ukikata mjue niko kwenye handaki.

Kwanza muijue Malmö ya zamani. Ulikuwa mji wa meli. Kiwanda cha Kockums kilikuwa kati ya vikubwa duniani, na miaka ya 1970 walisimamisha winchi yenye urefu wa mita 138 hivi, inanyanyua tani 1,500 kwa mkupuo mmoja. Kisha Wajapani na Wakorea wakaichukua kazi ya meli. Mwaka 1986 ikaamuliwa meli za biashara basi. Wakaletewa kiwanda cha magari ya Saab kwenye eneo lilelile, kikafunguliwa 1989. Kikafungwa 1991! Mji uliokuwa na watu 265,000 hivi mwaka 1970 ulishuka chini ya 230,000 katikati ya miaka ya 80.

Winchi ikabaki imesimama kama mnara wa msiba. Kampuni ya meli ya Denmark iliinunua, ikafilisika kabla ya kuichukua. Mwaka 2002 Hyundai ya Korea Kusini wakaibeba kwa dola moja. Dola moja, wakuu. Gharama yenyewe ilikuwa kuibomoa na kuisafirisha. Wazee wa hapa wanasimulia watu walivyosimama ufukweni wanalia. Huko Ulsan ilikosimikwa upya wameipa jina: Machozi ya Malmö.

Inaendelea…

Ngosha Halisi:
Uzi tayari. Naweka kambi, mke kanikabidhi thermos ya chai.

Mama Nassir:
Hapo kwenye winchi kuuzwa dola moja nimeumia kama vile ya babu yangu. Endelea mkuu.

Abiria wa Alfajiri:
Naendelea.

Sasa mji umefilisika, ufanye nini? Wengi tungeomba kiwanda kingine. Malmö waliwahi kuomba wakapewa hicho cha Saab, wakaona matokeo. Safari hii wakageukia ng'ambo ya maji, ambako kuna mji mkuu wa nchi nyingine, una uwanja mkubwa wa ndege, vyuo, makampuni ya dawa, na nyumba ghali. Serikali mbili zilisaini mkataba wa daraja Machi 1991, na mwaka 1993 wanasiasa wa pande zote wakaunda kamati ya pamoja ya Øresund. Tangu 2016 kamati hiyo imegeuka kuwa ushirika mpana zaidi wa manispaa na mikoa, wanauita Greater Copenhagen. Ebu tafakari hilo jina: Waswidi wamekubali kukaa chini ya jina la mji wa Denmark. Kwa majirani waliopigana vita karne na karne, hilo si dogo. Wapo Waswidi hadi leo linawakwama kooni.

Daraja lenyewe lilipingwa vibaya. Waziri wa mazingira wa Sweden, Olof Johansson, alijiuzulu mwaka 1994 kwa sababu yake. Hofu ilikuwa kwamba nguzo zitazuia maji ya chumvi yanayoingia bahari ya Baltiki, na Baltiki bila hayo inakosa hewa. Sharti likawa kwamba mradi usipunguze mtiririko wa maji hata kidogo, ikabidi wachimbe sakafu ya bahari kwa hesabu ili kufidia nafasi iliyochukuliwa na zege. Upande wa Denmark halikuwa daraja tena bali handaki la kilomita 4 hivi, kwa sababu nguzo za daraja zina urefu wa mita 204 na pale ndege za Kastrup, uwanja wa ndege wa Copenhagen, zinaruka chini chini. Kati ya daraja na handaki wakatengeneza kisiwa. Kisiwa cha asili kilichokuwa jirani kinaitwa Saltholm, kisiwa cha chumvi. Hiki kipya wakakiita Peberholm, kisiwa cha pilipili manga. Wazungu nao wana utani wao.

Lilifunguliwa 1 Julai 2000. Hela ni mkopo uliodhaminiwa na nchi mbili, nusu kwa nusu, unalipwa na tozo za wanaovuka.

Kibo10:
Mkuu hadithi tamu, ila tuseme ukweli. Hawa wana hela, na Umoja wa Ulaya unawamwagia. Ukiwa na hela hata mimi na shemeji yangu tutashirikiana.

Abiria wa Alfajiri:
Mkuu Kibo10, kidogo kweli, kidogo si kweli. Kuna mfuko unaitwa Interreg, upo tangu 1990, kazi yake miradi ya mipakani. Haukupi hela mpaka uje na mwenzako wa ng'ambo, na haukupi zote, lazima nanyi mtie zenu. Tena kwa bajeti ya 2021 hadi 2027, fungu lao la maendeleo ya mikoa lina sharti kwamba angalau asilimia 8 iende kwenye maendeleo endelevu ya miji. Kwa hiyo hela ipo. Lakini hela ya Interreg ni ya kukutanisha watu, kufanya utafiti na majaribio. Haijengi daraja kama hili.

Na kuhusu shemeji yako, ngoja nifike kwenye kodi ndipo tuone kama mtaelewana.

TangaLine:
Nimesikia bandari za huko nazo ni moja? Mimi nipo bandarini huku kwetu, hilo ndilo limenileta kwenye uzi.

Abiria wa Alfajiri:
Ni kweli kabisa. Mwaka 2001, mwaka mmoja baada ya daraja, bandari ya Copenhagen na ya Malmö ziliungana kuwa kampuni moja, inaitwa CMP. Nchi mbili, bandari mbili, bodi moja. Daraja lilikuwa limewanyang'anya biashara ya vivuko, wakaona wakianza kugombania kilichobaki watazama wote. Wakagawana kazi: magari mapya yanashuka kwa wingi Malmö, meli za watalii zinatia nanga Copenhagen.

TangaLine:
Dar na Mombasa chini ya bodi moja! Mkurugenzi atoke wapi? Hapo tu tungekaa vikao miaka kumi na posho juu.

Wa Busia:
😂😂 TangaLine umeniua. Mimi ni Mkenya, niko Busia, mpakani na Uganda. Huku tuko na kituo cha pamoja cha mpaka, Uhuru na Museveni walikifungua rasmi 2018. Lori inasimama mara moja, zamani ilikuwa mara mbili. Kwa lori imesaidia sana. Lakini mama wa nyanya anayevuka kila asubuhi bado anapita njia za panya. Nauliza mleta mada, huko mtu mdogo anavuka aje?

Abiria wa Alfajiri:
Ndugu yangu wa Busia, umegusa penyewe. Mzigo ni rahisi. Mzigo hauna mtoto wa shule, hauugui, hauzeeki. Mtu ndiye kazi.

Chukua mtu kama mimi. Natoa jasho Denmark, kwa hiyo kodi ya mshahara inabaki Denmark. Lakini mwanangu anasoma Malmö, nikiumwa natibiwa Malmö, takataka zangu zinazolewa na manispaa ya Malmö. Manispaa ya Sweden inaishi kwa kodi ya mshahara wa wakazi wake. Sasa jaza watu kama mimi maelfu. Mji unalea, mwingine anavuna. Daraja limefunguliwa 2000, makubaliano ya fidia ya kodi yamekuja 2003. Wakasaini mengine 2024, yakaanza Januari 2025, ndiyo yameongeza fidia na kulegeza masharti kwa anayefanya kazi siku nyingine akiwa nyumbani. Hesabu wenyewe: robo karne wanajadiliana kitu ambacho zege haliwezi kukijibu.

Kibo10, wewe na shemeji mko tayari?

Kibo10:
Nimekaa kimya kwanza 😅

Abiria wa Alfajiri:
Ngoja niwape lililonikuta mwenyewe. Mwaka wangu wa pili wa kuvuka nilipata kibarua cha mwishoni mwa wiki Malmö, kutunza wazee. Nikajiona nimepata. Mwajiri wangu wa Copenhagen alipogundua akaniita ofisini, uso umekunjwa. Kumbe sheria ya Ulaya inasema hivi: ukifanya kazi nchi mbili, na ile unayoishi ikafikia asilimia 25 ya kazi yako, basi hifadhi yako ya jamii yote inahamia nchi unayoishi. Maana yake yule Mdenmark alitakiwa ajisajili Sweden na alipe michango ya mwajiri ya huko, asilimia 31 na ushee juu ya mshahara wangu. Denmark mwajiri halipi kitu kama hicho, mafao yao mengi yanatoka kwenye kodi ya kawaida.

Hakunifukuza. Aliniambia tu nichague. Nikaacha wazee wangu, na mmoja alikuwa ameshajifunza kusema "shikamoo".

Mama Nassir:
Maskini. Na wewe ulikuwa unajibu "marahaba" kwa mtu wa miaka tisini?

Abiria wa Alfajiri:
Nilijibu, dada, ningefanyaje. Alikuwa anafurahi.

Ngosha Halisi:
Swali la kizalendo. Uliwezaje kufanya kazi nchi mbili na pasi ya Tanzania?

Abiria wa Alfajiri:
Nilijua litakuja. Sikuweza. Mtu asiye raia wa Ulaya, hata awe na makazi ya kudumu Sweden, haruhusiwi kuvuka akafanya kazi Denmark bila kibali cha Denmark. Miaka mitano nililiangalia lile daraja nikiwa fukweni kama mtu anayeangalia pilau kwa jirani. Nilipata uraia wa Sweden 2014, na mnajua sheria yetu, ukichukua wa kwao wa kwetu unaanguka. Hapo sitaki mjadala, uzi utahama.

Ngosha Halisi:
Sijasema kitu mkuu. Nimemeza.

Mdigo wa Kehl:
Wadau, nichangie kutoka mpaka mwingine. Niko Kehl, Ujerumani, ng'ambo ya mto Rhine ni Strasbourg, Ufaransa. Tangu Aprili 2017 tramu ya Strasbourg inavuka mto mpaka kwetu. Tiketi yao inafanya kazi kwetu. Wapanga miji wa pande mbili wanakaa meza moja, na sehemu za kando ya mto zilizokuwa za forodha na maghala sasa zinajengwa nyumba.

Lakini msidanganyike, abiria wengi Jumamosi si wapanga miji. Ni Wafaransa wanakuja kununua sigara, huku bei ni chini. Barabara nzima ni maduka ya tumbaku. Uchumi wa kuvuka mpaka ndio huo.

Abiria wa Alfajiri:
😂 Na sisi tunayo. Wadenmark wananunua bia Ujerumani, Waswidi wananunua Denmark. Mlevi hahitaji semina ya ushirikiano wa kikanda.

Halafu kuna hii, nilitaka kuisahau. Mwaka 2002 Denmark waliweka sheria kwamba ukioa mgeni, nyote wawili lazima muwe mmefika miaka 24 ndipo mwenzako aletwe. Vijana wa Copenhagen wakafanya nini? Wakahamia Malmö, kule sheria za Ulaya zinawaruhusu kukaa na wake na waume zao, asubuhi wanavuka kwenda kazini kwao. Watu wakaliita daraja la mapenzi. Hakuna mtaalamu aliyeliweka hilo kwenye mpango wa uchumi.

Mdigo wa Kehl:
Machi 2020 Ujerumani ilifunga mpaka kwa sababu ya korona, tramu ikawa inaishia upande wa Ufaransa. Nilimuona bibi mmoja amesimama katikati ya daraja la miguu, askari anamrudisha, na binti yake yuko upande wa pili. Miaka yote hiyo tulisema mpaka haupo.

Abiria wa Alfajiri:
Sisi yetu ilikuja mapema zaidi. Vuli ya 2015 wakimbizi wengi waliingia Sweden kupitia daraja hili. Novemba polisi wakaanza ukaguzi. Tarehe 4 Januari 2016 ikaja amri kwamba kampuni za usafiri zikague kitambulisho cha kila abiria kabla hajapandishwa kwenda Sweden. Pale kituo cha Kastrup, uwanja wa ndege, waliweka uzio katikati ya reli. Unashuka treni yako, unapanda ngazi, unapanga foleni, unaonesha kitambulisho, unashuka jukwaa lingine, unasubiri treni nyingine. Baridi ya Januari wakuu. Nusu saa imeondoka, wakati mwingine zaidi. Jirani yangu alikuwa na mtoto chekechea Malmö inayofunga saa kumi na moja na nusu. Aliacha kazi Copenhagen kabla ya Pasaka.

Ukaguzi ule wa Kastrup uliondolewa Mei 2017. Polisi waliendelea kupanda treni Hyllie, kituo cha kwanza ukitoka majini. Nilichojifunza ni kwamba ile kamati, ule ushirika wa manispaa na mikoa, meya na meya, hawakuwa na sauti yoyote siku ile. Mpaka ni mali ya Stockholm, yaani serikali kuu ya Sweden. Miji ilijenga ndoa, wakwe wakafunga mlango.

Wa Busia:
Wakwe wakafunga mlango. Hiyo nimeinunua.

Mama Nassir:
Nina swali, na nisijibiwe kwa siasa. Hizo nyumba mpya za ufukweni kwenye eneo la meli, nani anakaa? Maana kila "maendeleo endelevu" ninayoyajua, mwenye kibanda ndiye anahama.

Abiria wa Alfajiri:
Swali zuri kuliko yote, dada. Eneo la meli linaitwa Västra Hamnen. Mwaka 1998 walifungua chuo karibu na pale, na mwaka 2001 wakafanya maonesho ya nyumba, Bo01. Mtaa mzima ulipangwa utumie nishati ya upepo, jua, na joto linalohifadhiwa kwenye maji ya chini ya ardhi, vyote vya hapahapa. Juu yake wakasimamisha lile jengo lililojisokota, Turning Torso, mita 190, mwaka 2005. Ni pazuri, kiangazi mji mzima tunaenda kuogelea pale, bure. Kukaa ni jambo lingine. Wanakaa wenye uwezo.

Sisi wengine tuko ndani zaidi. Rosengård mnaijua kwa Zlatan; reli ilipita kando yake miaka mingi, treni ya abiria wamewekewa kituo Desemba 2018. Kumi na minane tangu daraja lifunguliwe!

Lakini kuna mtaa mmoja naupenda kuliko mnara wowote. Augustenborg. Nyumba za kupanga za miaka ya 1940 na 50, watu wa kawaida, wageni wengi, vyumba vya chini vilikuwa vinajaa maji kila mvua kubwa. Kuanzia 1998 manispaa na kampuni yake ya nyumba hawakuwahamisha. Walifungua mifereji ya juu kwa juu kati ya majengo, mabwawa madogo, paa wakapanda majani, wakakaa na wakazi kupanga maji yapite wapi. Tarehe 31 Agosti 2014 ilinyesha mvua Malmö, milimita 100 hivi kwa saa chache. Mimi chumba changu cha chini kilijaa, nilipoteza sanduku la picha za arusi. Rafiki yangu wa Augustenborg alinipigia kuuliza kama niko salama. Kwao maji yalijaa kwenye mabwawa, yakapungua taratibu, basi.

Hapo ndipo naona ushirikiano wa kweli, na hauna utepe wa kukata. Copenhagen walikuwa wamezama tarehe 2 Julai 2011, mvua ya saa mbili ilileta hasara ya mabilioni ya krone. Mwaka uliofuata wakaandika mpango wao wa mvua kubwa, miradi 300 hivi. Bustani ya Enghaveparken wameichimba ibebe maji mita za ujazo zaidi ya 22,000 mvua ikizidi. Siku za kawaida watoto wanacheza humo. Mafundi wa maji wa miji hii miwili wanatembeleana kwa treni, asubuhi wanaenda kuangalia bomba la mwenzao, jioni wamerudi.

TangaLine:
Mtu wa Jangwani pale Dar, mvua ikija maji mpaka ndani, akisoma hapo atalia.

Mama Nassir:
Mimi nilikuwa nakaa Jangwani. Nimesoma. Asante kwa kujibu bila siasa.

Kibo10:
Nakubali yaishe. Ila mkuu, kwa ujumla Malmö imepona au haijapona?

Abiria wa Alfajiri:
Watu sasa ni zaidi ya 350,000, na vijana ni wengi. Ajira zipo ila nyingi zinataka shule. Mjukuu wa fundi wa meli anaweza kuwa anaandika programu za kompyuta, au hana kazi kabisa, katikati pamekuwa pembamba. Na inategemea sana krona ya Sweden. Nchi zote mbili ziko Umoja wa Ulaya, hakuna inayotumia yuro, kila mmoja na sarafu yake. Krona ya Sweden ikishuka, sisi wa mshahara wa Denmark tunachekelea, wapishi wa Malmö wote wanataka kuvuka, na migahawa ya Malmö inalia haina watu. Nisiwafiche, mwaka huu mimi niko upande wa wanaochekelea.

Dogo wa Udom:
Shikamooni wakubwa. Nimefuatilia mwanzo mwisho. Nimeomba chuo Lund, ni karibu na hapo Malmö. Nikipata naweza kukaa Lund nikapiga kazi za jioni Copenhagen? Nasikia wanalipa vizuri.

Abiria wa Alfajiri:
Marahaba dogo. Lund ni dakika kumi na kitu kwa treni kutoka Malmö, umechagua vizuri. Kibali cha mwanafunzi cha Sweden kinakuruhusu kufanya kazi Sweden. Copenhagen, hapana. Usimsikilize mtu atakayekwambia "vuka tu, hawakagui". Tafuta kibarua Lund au Malmö, anza na kazi za usafi na magazeti, na lugha yao anza kujifunza leo usiku. Koti nunua huku huku, la Dar es Salaam halitoshi. Ukifika nitafute kwenye ujumbe wa siri, nitakuja kukupokea Kastrup. Ukitoka nje ya forodha, treni za kwenda Sweden ziko chini, na pasi ishike mkononi usiizike ndani ya begi, Hyllie wanapanda.